Walinzi Waliozaliwa Kando ya Msitu

Wazee wa kaya ndio walionituma Nairobi. Kwetu Kinondo, kusini ya Diani, tuna Kaya Kinondo, msitu ulioingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda. Vijana wanaowaongoza wageni mle ndani, wanaowafunga kaniki kabla hawajaingia na kuwakanya wasichume hata jani, ni watoto wa kijijini. Wageni wakiwa wengi, wanapata riziki. Masika yakiingia na hoteli zikafunga, wanarudi baharini au wanakaa bure. Swali limezunguka barazani kwa muda mrefu: kijana mzawa anayelinda msitu wa kwao aajiriwe vipi hata asimalize ujana wake akiitwa kibarua?

Mjomba wangu, mmoja wa wazee hao, alikuwa amesikia kwamba Nairobi, katikati ya magorofa, kuna misitu inayolindwa na vijana wa vijiji vya jirani, na kwamba wako wanaolipwa mshahara wa mwezi. Akaniita. "Mwanangu, nenda ukaone kwa macho yako," akasema. "Na usiwaulize wakubwa peke yao."

Nairobi sikuwa nimewahi kufika. Nilivuka Likoni gizani, nikapanda treni ya SGR Miritini asubuhi, na mchana kutwa nikaitazama Tsavo ikipita dirishani, tembo wakiwa wamejipaka udongo mwekundu hadi masikioni. Syokimau nikahamia treni ya abiria inayoingia mjini, nikashuka stesheni ya zamani. Hapo ndipo mji huu ulipoanzia, reli ilipofika mwaka 1899. Juu ya msukosuko wa Barabara ya Haile Selassie na makanga wanaomvuta mtu mkono sina jipya la kusema, kila aliyefika anayajua. Lililonishika ni baridi. Binamu yangu aliyekuja kunipokea alikuwa na sweta ya ziada mkobani, akanivalisha pale pale jukwaani bila kuniuliza.

Alitaka twende moja kwa moja kwake Kawangware. Nikamwomba tupitie Uhuru Park kwanza, kwa kuwa nilitaka kuiona ile kona inayoitwa Freedom Corner. Mwaka 1989 serikali ya chama kimoja ilikusudia kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ile, na Wangari Maathai akasimama kulipinga. Bungeni walimtukana, ofisi yake wakaifukuza katika jengo la serikali, lakini mradi ukafa. Miaka kumi baadaye, tarehe 8 Januari 1999, alipigwa hadi kumwaga damu kwenye lango la msitu wa Karura, alipokwenda kupanda mche katika ardhi iliyokuwa imekwisha kugawiwa wenye nguvu. Bila mapigano hayo mawili nisingekuwa na safari ya kusimulia, maana pasingebaki msitu wa kuajiri mtu yeyote. Tulikaa kwenye nyasi kidogo, kisha tukaenda kutafuta matatu nambari 46.

Kesho yake, kabla jua halijachomoza sawasawa, nilishuka Ngong Road karibu na uwanja wa mbio za farasi. Upande mmoja wa barabara magari yamebanana, upande wa pili miti. Huu ndio Msitu wa Ngong Road. Ulipotangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932 ulikuwa na zaidi ya hekta 2,900. Shule ikapewa kipande, uwanja wa maonyesho ya kilimo ukapewa kipande, makaburi ya wanajeshi wa vita vya dunia kipande, makazi kipande, hata zikabaki takriban hekta 1,200. Kisha ikaja Southern Bypass ikaupasua kati. Mnyama anayetaka kuvuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine sasa anavuka lami.

Aliyenipokea ni skauti wa kike, mzawa wa Kibera. Alivaa kombati ya kijani na mabuti ya mpira, rungu mkononi, redio begani, na daftari dogo ndani ya mfuko wa plastiki ili lisilowe. Aliponisikia lafudhi akacheka, "Karibu, dada wa Pwani. Huku matope ni mengi, nifuate nyayo." Nikamfuata.

Tulipita chini ya mikinduri, ambayo majani yake upepo ukiyageuza yanaonyesha upande wa fedha. Kima walikuwa juu wakidondosha maganda. Akanionyesha muthiga, mti wa dawa, ambao gome lake mtu akilitafuna linachoma ulimi kama pilipili, na wenye maumivu ya meno na kikohozi huku wanalitegemea. Ule mti ulikuwa umebanduliwa gome pande tatu, kutoka kifuani mwa mtu hadi alipoweza kufika kwa mikono. Skauti alipitisha kiganja kwenye kidonda. "Huyu hakujua kazi," akasema. "Anayejua huchukua upande mmoja, akaacha mti upone. Aliyekuja hapa anauza." Kwetu kaya, mganga naye hachukui gome kuzunguka mti mzima. Nilifurahi kusikia sheria ile ile kwa mtu aliyekulia penye mabati na vichochoro.

Mbele kidogo akasimama ghafla, akanizuia kwa mkono. Mimi sikuona kitu. Akachuchumaa, akainua kwa kidole kimoja kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye shina la kichaka, kimo cha goti la paa. Waya wenyewe ulikuwa umechomolewa kwenye breki ya baiskeli, na ukachomwa moto kidogo ili usimetemete. Kando ya njia ile ya wanyama, majani yalikuwa yamerundikwa pande zote mbili, mnyama asipate pa kupita ila pale penye kitanzi. Akaukata kwa koleo, akaukunja, akautia mfukoni. Kisha akafungua daftari. Mistari ilikuwa imechorwa kwa rula: tarehe, saa, mahali, kilichoonekana. Akaandika "waya 1, mpya". Juu yake palikuwa na maandishi ya siku zilizopita: kisiki cha muhugu, kibichi, kisiki kingine, kikavu, tanuri la makaa, baridi. Kibichi maana yake mwizi hayuko mbali. Kikavu maana yake doria ilichelewa.

Muhugu, au mhuhu kama tunavyouita sisi, naujua. Ndio mti ambao Wakamba huchonga vinyago vyake, vile twiga na vifaru vinavyopangwa Mombasa kuwangojea watalii. Sikuwa nimewahi kufikiri shina lake linatoka wapi.

Skauti hana bunduki. Bunduki na amri ya kukamata ni vya askari wa Shirika la Misitu la Kenya, KFS, ambao wameajiriwa na serikali, wana cheo na pensheni. Skauti hutangulia, huona, husikia, kisha huita kwa redio. Nikamuuliza kama haogopi. Akaniambia hofu yake haiko msituni. "Ninayemfukuza hapa asubuhi, jioni tunakutana kwenye foleni ya maji. Ananijua, anajua mlango wangu." Akanyamaza, kisha akaongeza kwamba hilo hilo ndilo linalomsaidia. Waya ule alijua karibu kwa hakika ni wa kijana gani, na angekwenda kuzungumza na mama yake kabla ya kumpeleka popote. "Askari anayeletwa kutoka mbali atamkamata mmoja. Mimi nikizungumza na mama, wataacha wanne."

Maneno hayo niliyaandika neno kwa neno, kwa sababu ndiyo niliyoyafuata kutoka Kinondo.

Lakini nani ni mzawa wa msitu wa Nairobi? Swali hili lilinikaa kichwani siku nzima. Kwetu mambo ni mepesi kidogo: sisi Wadigo tupo, kaya ipo, makaburi ya wazee yapo ndani yake. Huku ardhi ina tabaka juu ya tabaka. Wamaasai walinywesha ng'ombe wao hapa kabla ya reli, wakahamishwa kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911 ambayo mpaka leo wanaililia. Wakikuyu walikuwa na mashamba kwenye matuta ya magharibi, Dagoretti na Kangemi na kupanda juu, na sehemu ikageuzwa mashamba ya walowezi na misitu ya serikali. Wanubi, wajukuu wa askari wa King's African Rifles, waliwekwa Kibera mwanzoni mwa karne ya 20 palipokuwa bado pori, na ikawabidi wangoje hadi mwaka 2017 kupewa hati ya ekari 288 tu. Baada yao wakaja Waluhya, Wajaluo, Wakamba, kila mtu na mzigo wake. Na skauti wangu? Mama yake Mnubi, baba yake Mluhya, na mti wa kwanza aliouparamia uko ng'ambo ya Southern Bypass.

Msimamo wangu ni huu: katika mji kama huu, mzawa wa msitu ni yule ambaye msitu ukikatwa, kisima chake ndicho kinachokauka kwanza na nyumba yake ndiyo inayoingiwa na mafuriko kwanza. Tajiri wa Karen atachimba kisima kingine. Wa Kibera hana pa kwenda. Hao ndio wanaostahili kazi ya ulinzi kabla ya mtu mwingine yeyote, na wanaistahili kwa haki, si kwa huruma.

Siku iliyofuata binamu alinipitisha Westlands hadi Sigiria, kipande cha Karura kilicho magharibi ya Barabara ya Limuru. Niliingia nikiwa na picha ya Karura ya zamani niliyokuwa nikisimuliwa: mahali pa kutupa maiti, pa kuficha magari ya wizi, mahali ambapo mwanamke hakupita peke yake. Nikakuta wanawake wanakimbia mazoezi asubuhi, vizibo vya simu masikioni, na watoto wa shule wamepanga foleni wakihesabu vipepeo.

Skauti aliyenitembeza hapa alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza kidevuni. Kwao ni Mji wa Huruma, kijiji kilichojibana kati ya msitu na majumba ya kifahari ya Runda. Aliniambia waziwazi kwamba ujana wake aliumalizia humu humu akikata kuni za kuuza. Ilipoanzishwa Friends of Karura mwishoni mwa miaka ya 2000, na mkataba wa kuusimamia msitu pamoja na KFS ukatiwa saini, wakatafutwa watu wa kuulinda, na waliojua kila kichochoro ni wale wale waliokuwa wakiukata. Ukazungushwa ua wa umeme, ukawekwa kiingilio, na fedha za kiingilio ndizo zilizolipa maskauti. "Nimesomesha watoto kwa mti uliosimama," akaniambia. "Mti uliolala haukuwahi kunisomeshea hata mmoja."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jinsi kazi hii inavyosimama, na pia jinsi inavyoweza kuanguka. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, zimeipa jamii inayoishi kando ya msitu haki ya kuunda chama na kuingia mkataba wa kusimamia msitu pamoja na KFS. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 69, inaiagiza serikali ihimize wananchi kushiriki kulinda mazingira na ifikishe miti asilimia kumi ya nchi. Yote haya ni mazuri. Ila hakuna mahali nilipoonyeshwa mshahara wa skauti umewekwa katika bajeti ya taifa mwaka hadi mwaka. Skauti wa Karura analipwa kwa sababu Karura ina geti, na getini wanapita watu wenye uwezo wa kulipa. Agosti 2025, ilipotangazwa kwamba malipo ya kiingilio yaelekezwe kwenye mfumo wa serikali wa eCitizen, mvutano ukazuka na ukafika mahakamani. Wasomaji wengi waliuona kama ugomvi wa wakubwa juu ya fedha. Mimi naliona swali la mtu wa Mji wa Huruma: mwisho wa mwezi nani atanilipa?

Na Karura ndiyo iliyo heri. Jioni moja Kawangware, binamu alimwalika chai jirani yake ambaye ni skauti wa msitu mwingine, sitautaja. Msitu wao hauna geti la kulipia. Posho yao hutoka kwa wafadhili, ikifika imefika, isipofika wanangoja. Mwaka juzi mchoma makaa alimkata kwa panga mkononi. Kovu linaanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, na vidole viwili havikunjiki. Gharama za hospitali zilichangwa na majirani, kila mtu akituma alichonacho kwa M-Pesa. Hakuna bima, hakuna fidia, hakuna hata karatasi inayosema alikuwa kazini. Nikamuuliza kwa nini amerudi kwenye doria. Akashangaa kidogo. "Nisiporudi mimi, shangazi, atarudi yule wa panga."

Kuna watu watakaosema mtu huyu anajitolea kwa mapenzi, na mapenzi hayalipwi. Sikubaliani nao hata kidogo. Askari wa KFS naye anaupenda msitu, na analipwa. Daktari anawapenda wagonjwa, na analipwa. Mapenzi ya maskini yasifanywe sababu ya kumnyima ujira.

Mfano wa njia nyingine upo, na si wa mbali. Amboseli, tangu mwaka 2019, mabinti wa Kimaasai wa kikosi kinachoitwa Team Lioness wanafanya doria katika ardhi ya jamii ya Olgulului, wengi wao wakiwa wa kwanza katika nyumba zao kupata kazi ya mshahara. Janga la korona lilipoingia mwaka 2020 walibaki porini kwa miezi bila kurudi nyumbani. Mbali zaidi, Australia ilianza mwaka 2007 mpango wa serikali wa kuwalipa mishahara wazawa wa nchi ile walinde ardhi za mababu zao, na mpango huo umeendelea licha ya vyama tofauti kushika madaraka. Na sisi wenyewe tuna funzo la kinyume chake. Waogiek wa Mau walifukuzwa msituni kwa madai ya kuuhifadhi, hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikaamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki zao zimevunjwa, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia na kutambuliwa ardhi yao. Watu wanaojua kila mzinga wa nyuki katika msitu ule wangeweza kuwa kikosi cha ulinzi kisicho na mfano. Tukawachomea nyumba.

Nilipokuwa nikikusanya mizigo kurudi, binamu aliniuliza nitawaambia nini wazee. Nilikuwa na mambo matatu. La kwanza, kijana wa kaya awe na mkataba wa kuandikwa, hata ukiwa wa mwaka mmoja mmoja, na bima ya ajali kabla ya sare. La pili, tusitegemee mgeni peke yake, maana mgeni ana msimu. La tatu ni la kuipelekea serikali ya Kaunti ya Kwale na Bunge, nalo nilikuwa na ushahidi wake tayari: Mei 2020, katika mpango wa kuinusuru nchi na makali ya korona, serikali ya Kenya ilitenga shilingi bilioni moja kuajiri maskauti 5,500 wa jamii chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kwa hiyo inawezekana. Ilikwisha kufanyika, na ilifanyika wakati hazina ilikuwa na dhiki.

Mjomba alinisikiliza barazani mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu, kama yule binti wa Kibera ana watoto. Nikamjibu anaye mmoja. Akasema basi barua iandikwe juma lile lile, na jina la kila kijana wa kaya liwe ndani yake.

Barua imekwenda. Wewe msomaji unayeishi Nairobi unaweza kutusaidia: ukipita Karura, Ngong Road, Arboretum au msitu wowote ulio karibu nawe, msimamishe skauti, umsalimie, umuulize analipwa na nani na ana bima gani. Kisha jibu lake mpelekee mbunge wako kabla bajeti ya mwaka ujao haijasomwa.